Ukimya wa Irene

John Galsworthy alitoa The Man of Property mwaka 1906, riwaya ya kwanza katika zile zilizokusanywa mwaka 1922 kwa jina la The Forsyte Saga. Kiini chake ni ndoa ya Soames Forsyte, wakili tajiri wa London, na Irene asiyempenda. Soames hukusanya picha na hujenga nyumba, na mkewe humhesabu katika mali hiyo. Galsworthy alieleza katika dibaji kwamba Irene haonekani ila kwa hisia za watu wengine. Msomaji hafunguliwi mlango wa moyo wake. Huo si upungufu wa sanaa. Mke aliyefanywa kitu husimuliwa kama kitu, na ukimya wake ndio mashtaka yake.

Mwaka 1967, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwandishi, BBC ilionyesha hadithi hiyo katika televisheni kwa sehemu 26. Kitabu huanza mwaka 1886, ndoa imekwisha kuingia ufa. Mchezo huanza mwaka 1879 na kuonyesha hata posa. Hapo Nyree Dawn Porter, aliyeigiza Irene, hakuwa na budi kumpa uso na sauti. Ukimya uliokuwa fumbo kitabuni uliweza sasa kudhaniwa kuwa ubaridi wa moyo. Naye Eric Porter alimwigiza Soames kwa uchungu mwingi hata watazamaji wengi wakamwonea huruma. Galsworthy mwenyewe alimhurumia mtu huyu. Lakini huruma ni jambo moja, na msamaha ni jambo jingine.

Mtihani wa kazi zote mbili ni usiku ule Soames alipomwingilia mkewe kwa nguvu. Kitabuni usiku huo hausimuliwi. Msomaji humkuta Soames asubuhi, peke yake mezani, akijifariji kwamba ametumia haki yake, huku kilio cha Irene kikimrudia masikioni. Neno “haki” limo kinywani mwa mkosaji, na kejeli ya mwandishi imo humo. Msomaji mvivu, hata hivyo, aweza kulipita neno hilo asijue lilichofunika.

Televisheni ililiondoa pazia hilo, na mtazamaji akawa shahidi wa tendo lenyewe. Ushahidi huo haukuwa mdogo, kwa maana mwaka 1967 sheria ya Uingereza ilikuwa bado haimhesabu mume kuwa mbakaji wa mkewe. Baraza la Malodi liliikataa kinga hiyo mwaka 1991.

Kwa hiyo mchezo haustahili kupimwa kwa uaminifu wa maneno peke yake. Ulipoteza fumbo la Irene, na hasara hiyo ni kubwa. Lakini ulimnyima Soames kimbilio la neno tukufu. Kitabu hufundisha jinsi mdhalimu ajidanganyavyo. Mchezo huonyesha aliyedhulumiwa. Mwanafunzi akichukua kimoja na kuacha kingine, atakuwa amesikia upande mmoja wa kesi.