Perege na Kambare wa Nyumba ya Mungu

Bwawa la Nyumba ya Mungu liko kusini mwa Moshi, mahali mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapokutana na mto Ruvu utokao ziwa Jipe. Ukuta wake ulikamilika katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji. Katika miaka ya mwanzo samaki waliongezeka upesi, kwani majani na udongo uliofunikwa na maji vilitoa rutuba nyingi. Mavuno yalifika kilele karibu na mwaka 1970, kisha yakashuka sana. Samaki wanaovuliwa zaidi ni perege na kambare, na tabia ya kila mmoja ndiyo inayoamua zana ya kumvulia.

Perege hula zaidi vijimea vya majini na mabaki yaliyooza, kwa hiyo chambo cha ndoana hakimvuti sana, naye huvuliwa hasa kwa nyavu za makila. Wavu hutegwa jioni ukining'inia wima, maboya juu na vizito chini. Gizani perege haoni nyuzi. Hupenyeza kichwa ndani ya jicho, na akijaribu kurudi nyuma hunaswa kwenye mashavu. Jicho la wavu ndilo linalochagua: wadogo hupita, na wakubwa mno hawaingii. Nyavu huvutwa alfajiri, kwa kuwa samaki aliyekufa huharibika haraka katika maji ya uvuguvugu.

Kambare hula vyakula vya aina nyingi na huwinda usiku kwenye tope, akipapasa kwa sharubu na kufuata harufu. Kwa hiyo hutegewa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, iliyolazwa chini kandokando ya majani ya majini na kutiwa chambo cha vipande vya samaki au minyoo. Kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, akitolewa majini hukaa hai muda mrefu kuliko perege. Mvua zinyeshapo huingia kwenye kingo zilizofurika kutaga mayai, na hapo ni rahisi kumvua kupita kiasi.

Zana inayodhuru zaidi ni kokoro, wavu unaoburutwa chini ya maji hadi ufukoni. Perege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, na jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Kokoro likiburutwa hapo hubomoa viota na kuzoa wazazi pamoja na watoto. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 zinalipiga marufuku katika maji baridi.

Ukubwa wa jicho unapaswa kumwezesha perege kuzaa walau mara moja kabla ya kunaswa. Idadi ya nyavu nayo ina uzito uleule, hasa maji yanapopungua: samaki husongamana, kuvua huwa rahisi, na mavuno ya msimu huo huficha upungufu unaokuja. Perege wanaovuliwa kupita kiasi huanza kuzaa wakiwa wadogo, na mvuvi anayepunguza jicho ili awapate huzidi kuwamaliza.