Kidagaa Kimeozea Nyumbani: Mtemi, Mwalimu na Sisi Tunaotaka Kuandika

Sisi tuliokalia madawati ya sekondari miaka ile tulikijua Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kama tunavyoijua njia ya dukani. Riwaya hii ilitoka mwaka 2012, ikaingia kwenye mtihani wa kidato cha nne 2013, ikakaa hapo mpaka Chozi la Heri cha Assumpta Matei kilipoipokea kijiti mwaka 2018. Tulikariri wahusika, tukakariri methali, tukaorodhesha maudhui: uongozi mbaya, unyakuzi wa ardhi, ufisadi, nafasi ya mwanamke. Mtihani ukaisha, kitabu kikauzwa kwa wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara, basi. Wengi hawajakifungua tena.

Naomba tukifungue tena, na safari hii tusikisome kama watahiniwa. Tukisome kama watu wanaotaka kuandika. Kwa maoni yangu kitabu hiki kimesomwa nusu. Darasani macho yote yalielekezwa kwa Mtemi Nasaba Bora, kiongozi mbaya, andika insha, pata alama. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, alipitiwa haraka haraka kama mlevi wa kuchekesha. Lakini kwetu sisi wenye miswada chini ya godoro, huyu Majisifu ndiye wa kuogopwa. Utemi hatutaupata kesho. Jina la mwandishi tunaweza kulipata.

Tuanze na Mtemi, kwani bila yeye ndugu yake haeleweki. Anatawala Sokomoko. Ana ardhi aliyoitwaa kwa hila na hati za kughushi, ana shule na hospitali zenye kubeba jina lake, ana watu wa kumsujudia. Nyumbani ana mke, Bi Zuhura, ambaye jumba lile kwake ni kama gereza lenye mazulia. Mume haonekani. Ukiuliza mtaani kwa nini mkubwa fulani hana muda na familia yake, utajibiwa kwamba majukumu yamemzidi, nchi inamhitaji. Watu tumelikubali jibu hilo, tena tunalitoa kwa heshima.

Walibora analikataa jibu hilo, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Mtemi wake hana upungufu wa muda hata kidogo. Ana saa za kutosha za kumwendea Lowela, msichana wa shule. Kwa hiyo tatizo si saa. Vile vitabu vya kufundisha mafanikio vinavyouzwa mjini vinatuambia tugawe siku vipande vipande: hiki cha kazi, hiki cha watoto, hiki cha kujiendeleza. Riwaya hii inasema mpe Mtemi siku yenye saa hamsini, na bado Zuhura atakula peke yake. Anayehesabu watu kama mali akiwa barazani, akifika sebuleni hesabu yake ni ile ile. Hakuna uongozi wa nje na mwingine wa ndani. Ni mkono mmoja.

Tena mwandishi anaipeleka hoja mbali. Lowela anazaa, na kile kitoto kinaachwa mlangoni mwa kibanda cha Amani, mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi. Kinapewa jina Uhuru. Hebu fikiri kidogo: mtoto wa mtawala ametupwa kwa kibarua wa mtawala, na jina lake ni Uhuru. Wengi tuliandika kwamba hii ni ishara ya nchi iliyotelekezwa na viongozi wake. Sawa, ni kweli. Ila ishara ile inauma kwa sababu kwanza ni mtoto hasa, analia, anataka maziwa. Walibora hakuanza na nchi akaitafutia mtoto. Alianza na mtoto.

Sasa twende kwa Mwalimu Majisifu. Huyu naye anataka kubaki katika vinywa vya watu. Anasifika kama mwandishi, anaalikwa mpaka Chuo Kikuu cha Wangwani kuzungumza mbele ya wasomi. Na kitabu kilichompa sifa hizo, jamani, si chake. Ni mswada wa Amani, yule yule mchungaji. Anwani ya mswada ulioibwa ndiyo anwani ya riwaya tunayoisoma, kwa hiyo kila tukiitazama jalada tunatazama mali ya wizi.

Nyumbani kwa Majisifu kuna watoto wenye ulemavu. Baba anawaonea haya. Mkewe, Dora, ndiye anayewalisha, ndiye anayewasafisha, ndiye anayebaki nao wasichana wa kazi wanapotoroka mmoja baada ya mwingine, mpaka anapokuja Imani. Mwalimu yuko kwenye chupa. Unganisha mambo haya mawili, wizi wa mswada na haya ya watoto, uone alichofanya mwandishi. Majisifu anakikana alichozaa na anakidai asichoandika. Kisha tazama upande wa pili. Amani amepokonywa alichoandika na anakipokea asichozaa. Kitoto kile kinapoachwa mlangoni pake hakitupi kwingine. Yeye na Imani wanakilea, hali hawana kitu, wala si mume na mke.

Kwangu mimi huu ndio uti wa mgongo wa riwaya nzima, na ni ajabu haukutajwa sana katika miongozo. Mwandishi wa kweli humu ndani ni yule anayebembeleza mtoto usiku. Yule wa uongo ndiye mwenye sifa za nje na nyumba asiyotaka ionekane. Kuna dhana inayozunguka sana baina yetu vijana kwamba msanii halisi lazima avunje nyumba, aishi ovyo, anywe, awaache watu wake, ndipo kalamu ichemke. Kama unaiamini dhana hiyo, msome Majisifu taratibu. Ana ulevi wote wa msanii, ila usanii hana.

Lakini uhakiki si kusifu tu, na riwaya hii ina mahali ilipolegea. Kwanza ni majina. Majisifu, Madhubuti, Amani, Imani: mtu hajafungua mdomo tunamjua. Ni desturi ya zamani, Shaaban Robert aliitumia katika Kusadikika mwaka 1951, na mle Karama na Majivuno wanakaa sawa kwa sababu nchi yenyewe inaelea hewani. Kidagaa kinataka tuingie jikoni kwa Dora, tusikie harufu ya nepi. Ukishaniambia huyu ni Majisifu, umenifungia mlango wa kumshuku, wa kumhurumia, wa kujiuliza kama mimi si yeye. Na baadaye anapotubu, toba inakuja rahisi mno, kama mtu anayevua koti.

Pili ni huyo huyo Dora. Tunamwona akichoka, tunamsikia akilalamika, tunamwonea huruma, kisha tunapita. Ningetaka sura nzima ndani ya kichwa chake. Anajua nini kuhusu mumewe? Alipoona jina la Majisifu juu ya kitabu, mke aliyekaa naye miaka hakushangaa kwamba mtu asiyeshika kalamu ametoa riwaya? Palikuwa na hadithi kubwa hapo. Sifa ya mtu yeyote wa nje huwa imelipiwa na mtu wa ndani, na Walibora alituonyesha deni lakini hakumpa mdai nafasi ya kusema.

Tatu, na hili ndilo linanisumbua zaidi, ni kifo cha kitoto Uhuru. Anaugua, hospitali haimhudumii, anakufa, na Amani na Imani ndio wanaokamatwa. Kama shutuma kwa utawala, pigo hilo ni zito na linastahili. Ila kifo hicho kinamtoa mwandishi kwenye swali gumu alilolianzisha mwenyewe. Je, kama Uhuru angeishi? Amani angeandika lini? Angechunga ng'ombe mchana, angepika uji jioni, na ule mswada wa pili ungeandikwa kwa mwanga gani, saa ngapi, huku nani akimshika mtoto? Riwaya inatuonyesha vizuri sana jinsi nyumba inavyooza. Haituonyeshi nyumba inavyosimama siku ya Jumanne ya kawaida, hakuna msiba, hakuna polisi, kuna vyombo tu vya kuoshwa na sura ya saba haijakamilika.

Sisemi Walibora hakulijali jambo hili. Tangu Siku Njema ya mwaka 1996 alikuwa akilizungukia: Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji mwenye jina, anatembea nchi nzima kumtafuta baba. Na alipoandika maisha yake mwenyewe, kitabu kilichotoka 2014, hakuweka tuzo wala shahada kwenye anwani. Alikiita Nasikia Sauti ya Mama. Alifariki Nairobi Aprili 2020, na vitabu alivyoacha vinaturudisha nyumbani kila mara, hata vinapoanza na watawala.

Ndugu mwandishi mwenzangu, tazama tena neno lenyewe. Si papa, si nyangumi. Ni kidagaa, kitu kidogo kabisa, cha kutia kiganjani. Mtemi hakuangushwa kwanza na maadui wakubwa, na Majisifu hakuumbuliwa na wahakiki wa magazeti. Wote wawili waliozewa na kile kidogo walichokuwa nacho mkononi wakakiona hakina thamani.

Kwa hiyo kuna riwaya bado haijaandikwa: ya mtu anayeandika, au anayeongoza, na mtoto hafi, na mke ana sauti. Haitakuwa na msisimko wa bure, na itamtaka mtunzi wake ajue bei ya maziwa. Kabla hujaketi kuitunga, jiulize ni nani anaosha vyombo wakati wewe unaandika. Kisha mwandike huyo naye.