Nywele Zinazosingiziwa Ugumu

Simama kidogo kwenye duka la vipodozi pale Rongo au Oyugis siku ya soko usikilize wateja wanavyoagiza. "Nipe mafuta ya nywele ngumu." Muuzaji hata hainui macho, mkono unakwenda kwenye kopo lile lile la mafuta mgando alilouza jana, na mteja anashika njia. Hakuna aliyeuliza nywele hizo zinakunywa maji vipi, wala unywele mmoja una unene gani. Na mara nyingi kichwa kinachosingiziwa ugumu ndicho chenye nyuzi nyembamba kabisa.

Kosa hilo huanzia mkononi. Nywele za kipilipili zikiwa nyingi na zimeshikana, kiganja hukutana na kichaka, basi mtu akadhani kila uzi ni mnene. Okota unywele mmoja uliobaki kwenye kitana, uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiusikia waziwazi, ni mnene. Ukilazimika kutazama kama bado umeushika, ni mwembamba, na huo hautaki chanuo la kuburura wala dawa kali ya kulainisha. Unywele wa kipilipili, kila unapojipinda ndipo unapokatika kwa urahisi, na mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa hayafiki mbali kwenye njia yenye kona nyingi hivyo. Ndiyo maana ncha huwa kavu hata mizizi ikiwa na mafuta.

Wasichana wa siku hizi watakutajia namba: mimi ni 4B, yule 4C. Mpango huo ulienezwa miaka ya 1990 na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, kutoka 1 kwa nywele za singa hadi 4 kwa za kipilipili. 4C iliongezwa na wengine baadaye. Sina ugomvi nao, lakini unaeleza umbo tu. Ndugu wawili wa tumbo moja kule Ndhiwa wanaweza wote kuwa 4C, mafuta yakamfaa mmoja na kumkataa mwenziwe. Tena kichwa kimoja huwa na aina mbili au tatu: panja si utosi, utosi si kisogo. Pima sehemu zote.

Shida ni kwamba wengi wetu huzifahamu nywele zetu tukiwa tumechelewa. Shule nyingi za Kenya huwataka wasichana wanyoe au wakate fupi, na akimaliza kidato cha nne binti huenda moja kwa moja kwenye dawa au rasta. Kwa Wajaluo, desturi ya liedo, ule unyoaji wa msibani, humpa hata mtu mzima nafasi ya kuziona zikiota upya. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, nyingine pungufu. Miezi mitatu inatosha kuona mkunjo wake halisi.

Kipimo cha jinsi nywele zinavyokunywa maji ni rahisi. Osha kwa shampuu, suuza, usipake kitu, usichane, acha zikauke kivulini. Kisha nyunyizia maji kidogo utazame. Matone yakikaa juu kama umande kwenye jani la nduma, nywele zako zimefunga: zitakunywa pole pole, na mafuta mazito yatabaki juu kukusanya vumbi. Tumia maji ya vuguvugu, kondishena nyepesi na taulo la moto. Matone yakizama mara moja, kisha nywele zikakauka upesi, zimefunguka, mara nyingi kwa sababu ya dawa, rangi au draya. Hizo zinataka krimu kwanza, halafu mafuta mazito ya kufungia, kama ya mbarika au yale ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda. Kile kipimo cha kutia unywele kwenye glasi ya maji kipuuze. Hata unywele uliofunguka huelea ukiwa na mafuta.

Vuta pia unywele uliolowa. Ukinyooka kidogo na kurudi, una afya. Ukikatika papo hapo, una kiu. Ukinyooka bila kurudi, umechoshwa na dawa au kulowekwa mno, na utahitaji matibabu ya protini.

Dukani, soma maandishi ya nyuma ya chupa, maana viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Maji yakitangulia, kipodozi hicho kinalainisha. Mafuta mgando yakitangulia, kinafungia tu. Ukikipaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni maji ya kuogea. Maji ya Ziwa Victoria hutoa povu vizuri, lakini baadhi ya visima vya huku vina chumvichumvi, sabuni inagoma, na kitu kama ukungu hubaki kwenye nywele. Mtu hubadilisha mafuta mara kumi, kumbe lawama ni ya kisima. Sugua sabuni kwenye beseni uone. Ikigoma, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Kehancha maji hayo hupatikana bila shida. Mbita, ambako mvua ni haba, itabidi uyawekee mtungi wake.

Msusi naye hupimwa. Mzuri huzishika nywele zikiwa kavu kabla ya kutaja bei, huanza kuchana kwenye ncha akipanda kuelekea mizizi, na akifika panjani mkono wake hulegea. Nyusi zikiinuka ukiwa bado kitini, sema. Vipele vidogo vikitokea ukingoni mwa paji, fumua usiku huo huo, hata kama rasta zilikula mchana mzima. Mizizi ya panjani ikivutwa kwa miaka hufa, na hakuna mafuta, ya Rongo wala ya Nairobi, yatakayoirudisha.