Ufupi wa Majeruhi: Robert Leckie na Ufuko wa Peleliu

Kitabu cha Robert Leckie kiitwacho Helmet for My Pillow, kilichotoka mwaka 1957, kina lawama moja inayojirudia kila kinapojadiliwa. Eti hakina uwiano. Mwandishi ni askari aliyejeruhiwa katika kisiwa cha Peleliu, mahali pabaya kuliko pote alipopigana, lakini Peleliu yenyewe kaipa kurasa chache tu. Mji wa Melbourne, alikopelekwa kupumzika, akanywa bia na kufuatana na wasichana, umepata nafasi kubwa zaidi. Mhakiki aliyezoea kupima kazi kwa mizani ya fani na maudhui atasema hapo pana kasoro ya muundo, basi, mjadala umekwisha. Mimi nadhani lawama hiyo imetolewa haraka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ufupi ule ndio sehemu ya kitabu inayostahili kuaminiwa kuliko zote.

Kwanza tumfahamu msimulizi. Leckie alikuwa mwandishi wa habari za michezo huko New Jersey. Aliingia jeshi la Marini la Marekani, yaani askari wa kushuka pwani kutoka melini, baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor Desemba 1941. Inasemekana aliamua kuandika kitabu hiki baada ya kutoka katikati ya onyesho la South Pacific, mchezo wa nyimbo na ngoma kuhusu vita hiyo hiyo. Alikasirika. Alitaka watu wajue kwamba vita haikuwa ngoma. Kwa hiyo tangu mwanzo ni mtu anayegombana na uzuri wa uongo, na jambo hili tulishike, maana litatusaidia mbele.

Sasa tuje kwenye ufuko. Msomaji anayefungua kitabu cha askari wa Marini anatazamia jambo moja: milango ya vyombo ifunguke, risasi zinyeshe, watu waanguke majini. Leckie anashuka ufukoni mara tatu. Mara ya kwanza ni Guadalcanal, tarehe 7 Agosti 1942. Askari wamejiandaa kufa, lakini pwani ni kimya, wanakuta minazi. Kifo kinakuja baadaye, usiku, kando ya mto na ndani ya msitu. Mara ya pili ni Cape Gloucester, tarehe 26 Desemba 1943. Hapo pia upinzani ufukoni ni mdogo, na adui mkubwa anageuka kuwa mvua na matope. Mara ya tatu ni Peleliu, tarehe 15 Septemba 1944, na hapo ndipo ufuko unapowaka moto kweli.

Hebu mtu atazame mpangilio huo. Mara mbili msomaji ananyimwa alichokitazamia. Mara ya tatu anapewa, na palepale msimulizi anaondolewa. Mshindo wa mlipuko unamtikisa mwili mzima, anatolewa kisiwani, na vita yake imekwisha. Mapigano ya Peleliu yaliendelea mpaka tarehe 27 Novemba. Jenerali Rupertus, mkuu wa divisheni, alikuwa ametabiri siku chache tu. Zikawa zaidi ya 70. Wajapani zaidi ya 10,000 walikufa, wengi wao katika mapango waliyoyachimba ndani ya mawe ya matumbawe. Wamarekani waliokufa walikaribia 1,800. Yote haya Leckie hayasimulii kwa mapana katika kitabu hiki. Kwa nini? Kwa sababu hakuwepo. Kalamu inasimama pale mwili uliposimama.

Mwenzangu mmoja atauliza: pengine hakujua tu jinsi ya kusimulia yaliyobaki? La, alijua sana. Mwaka 1962 Leckie alitoa kitabu kingine, Strong Men Armed, ambacho ni historia ya Marini katika vita yote ya Pasifiki. Humo anazungumzia majenerali, mipango, vikosi na visiwa ambavyo yeye hakuvikanyaga. Maana yake ni kwamba maarifa alikuwa nayo na kalamu alikuwa nayo. Alitenganisha kazi mbili: historia akaiweka katika nafsi ya tatu, na tawasifu akaiachia mipaka ya macho yake mwenyewe. Huo siyo upungufu wa muundo, ni uamuzi wa mwandishi.

Ili hoja hii isielee hewani, tumlinganishe na Eugene Sledge, ambaye kitabu chake With the Old Breed kilitoka mwaka 1981. Sledge naye alishuka Peleliu siku ileile, katika divisheni ileile, ila kikosi kingine. Kwake Peleliu ni nusu nzima ya kitabu. Anatupa joto, kiu, harufu ya maiti, na jinsi wenzake wanavyobadilika utu siku hadi siku mpaka kung'oa meno ya dhahabu ya maiti wa Kijapani. Wapo wanaosema kwa hiyo Sledge ni mwandishi bora. Mimi nasema tuangalie mazingira yao. Sledge hakujeruhiwa, alibaki kisiwani kwa wiki kadhaa, akiandika vijinukuu kwa siri ndani ya Agano Jipya alilotembea nalo. Ilikuwa vita yake ya kwanza, kila kitu kilikuwa kipya machoni pake. Kwa Leckie ilikuwa vita ya tatu na ilikatwa ghafla. Vitabu vyote viwili vina urefu wa miili iliyoviandika. Kumtaka Leckie aandike kama Sledge ni kumtaka aazime macho ya mtu mwingine halafu aseme ni yake.

Ufundi mwingine wa Leckie unaolingana na hili ni majina. Rafiki zake hawaiti kwa majina ya kwenye daftari la jeshi. Wao ni Chuckler, mwenye kucheka-cheka, Runner, mkimbiaji, Hoosier, yaani mtu wa jimbo la Indiana. Yeye mwenyewe ni Lucky, mwenye bahati. Wasomaji wengine wanaona huu ni utani wa barazani. Lakini jina la utani halitolewi na serikali, linatolewa na watu uliokula nao. Anapolitumia, mwandishi anatuambia mipaka ya ujuzi wake: hawa niliwajua hivi, kwa karibu hivi, siyo zaidi.

Hata hivyo sitaki kumpamba. Leckie anakosea pale anapoisahau kanuni yake. Mwishoni mwa kitabu anaacha kusimulia na kuanza kuhubiri: wafu, kafara, wingu la bomu la atomiki, msamaha. Nia ni njema, na kulitaja bomu kwa majuto kulihitaji moyo kwa askari wa Marekani wa miaka ile. Lakini sauti inakuwa kubwa kuliko kifua kinachoitoa. Aliyekataa kutusimulia pango asiloliona sasa anazungumza kwa niaba ya wafu wote. Hapo yule mwandishi wa michezo amerudi, anatafuta sentensi ya kufungia ukurasa.

Na sisi tunajifunza nini? Tumelelewa katika utenzi. Shaaban Robert aliiandika vita hiyo hiyo katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, beti 3,000, naye alikuwa mtumishi wa serikali Tanganyika, hakuwahi kuwa askari katika vita ile. Hatumlaumu, kwa sababu mtunzi wa utenzi hutazama vita nzima kutoka juu na wala hajidai kuwa alikuwa ndani ya mtumbwi. Tatizo linakuja tunapochukua kipimo cha utenzi na kukipeleka kwa majeruhi. Wazee wetu wa K.A.R. waliopelekwa Burma mwaka 1944 walipoulizwa habari za huko, wengi walijibu kwa maneno machache. Mara ngapi mkusanyaji wa fasihi simulizi ameandika pembeni "mzee amesahau" na kufunga daftari? Wengi wao wamekwishafariki, hatuwezi kurudi kuuliza tena. Yaliyobaki ni yale majibu mafupi, na kazi ya mhakiki ni kuyasoma kama yanavyosomwa maandishi mengine: msimulizi ameanzia wapi, amekatia wapi, na pale alipokatia mwili wake ulikuwa wapi.