Uwanja wa Silanga na Matofali ya Minecraft

Mwaka 2012, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake Gigiri, Nairobi, liliungana na Mojang, kampuni ya Stockholm iliyounda mchezo wa kompyuta wa Minecraft. Mradi wao, Block by Block, ulifanyiwa majaribio katika mtaa wa Kibera, jijini humo, kwenye uwanja wa michezo wa Silanga. Nia ilikuwa wakazi washiriki kusanifu maeneo ya wazi wanayoyatumia. Wengi huishia kuistaajabia kompyuta. Mimi naona ufundi hasa uko katika jinsi watu walivyokalishwa pamoja.

Kazi huanza kabla ya mkazi yeyote kufika. Wataalamu hukusanya ramani, picha za satelaiti na picha zilizopigwa mtaani, kisha hulijenga eneo zima ndani ya mchezo. Tofali moja la Minecraft ni mita moja kila upande, kwa hiyo anayetaka kujua upana wa njia huhesabu matofali tu. Ndipo hufuata warsha ya siku kadhaa. Washiriki huzunguka kwanza eneo lenyewe kwa miguu na kujadili kasoro zake, halafu hugawanyika katika vikundi vya watu wachache, kila kikundi na kompyuta yake.

Hapo kwenye kompyuta ya pamoja ndipo penye siri. Mmoja ameshika kipanya, wenzake wanamwelekeza: taa ikae hapa, hapana, pale ndipo penye giza. Haiwezekani kuweka tofali bila kusema sababu. Katika mkutano wa kawaida wa mtaa husikika zaidi waliozoea kusimama na kuzungumza, na mchoro wa msanifu ukibandikwa ukutani wengi huitikia tu kwa kichwa kwa sababu hawajui kuusoma. Kwenye mchezo kijana ndiye anayemfundisha mzee kutembea ndani ya eneo, na mzee naye humweleza maji hupita wapi mvua ikinyesha. Maarifa ya namna hiyo hayamo kwenye ramani yoyote ya halmashauri. Huko Les Cayes, Haiti, wavuvi walitumia njia hiyohiyo kupanga ufuko wao, na ukuta wa kuzuia bahari ukawa miongoni mwa waliyoyataka. Hanoi, Vietnam, wasichana waliitumia kuonyesha wanapohofia kupita na kupendekeza marekebisho.

Lakini Minecraft haijui bei. Taa inawaka bila bili ya umeme, choo hakihitaji mtu wa kukisafisha, wala hakuna anayejitokeza na hati akidai kiwanja ni chake. Tofali la mita nzima pia ni kubwa mno kwa mambo madogo yenye uzito, kama mteremko wa kiti cha magurudumu au kina cha mtaro. Kwa sababu hiyo hatua inayofuata ina uzito kuliko ujenzi wenyewe: vikundi huwasilisha kazi zao mbele ya wenzao na maofisa, hukubaliana lipi litangulie, kisha wasanifu hugeuza makubaliano hayo kuwa michoro ya kujengea. Hatua hiyo ikirukwa, wakazi watakuwa wameitwa kucheza tu, na kumpa mtu matumaini juu ya mtaa wake halafu kumwacha hivyo ni kumdhulumu.

Ningependa bei ziingie mapema zaidi, vikundi vikiwa bado vinajenga. Kando ya kila kompyuta iwekwe orodha rahisi ya gharama za taa, benchi, mtaro na choo, na kila kikundi kipewe kiasi kilekile cha fedha za kupanga. Ofisa wa bajeti naye akae kikundini tangu siku ya kwanza, aulizwe na aulize: ufunguo wa choo utakaa kwa nani, na taa ikiungua nani atanunua nyingine?