Toleo Jipya na Inanga ya Mzee

Kijana mmoja wa hapa Ngara, ambaye hurekodi kwaya na nyimbo za harusi katika chumba kimoja cha nyumba ya wazazi wake, na ambaye wateja humfuata hadi kutoka Nyakahura kule Biharamulo, ameniuliza swali. Je, aendelee na programu ya Audacity, toleo la 2.4 alilolizoea, au apandishe hadi toleo la 3? Fedha si kikwazo, maana programu hiyo imekuwa ikitolewa bure tangu ilipojitokeza mwaka 2000. Kikwazo ni kazi zilizomo kwenye kompyuta yake. Miongoni mwake zimo nyimbo za inanga za mzee mmoja wa Rulenge ambaye sasa ni marehemu.

Toleo la zamani lilihifadhi kazi kwa namna ya ajabu kidogo: faili dogo lenye mkia wa .aup, na kando yake folda iliyojaa vipande vingi vya sauti. Anayenakili faili na kuiacha folda amebeba bahasha isiyo na barua. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2021, liliviweka vyote ndani ya faili moja la .aup3. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini mlango huo hauna kurudi: toleo jipya husoma kazi za zamani, ila la zamani haliwezi kabisa kuisoma kazi iliyohifadhiwa na jipya.

Sifa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuja na toleo la 3.2 mwaka 2022. Zamani ukiongeza mwangwi juu ya sauti, mwangwi uliingia ndani ya sauti yenyewe, na ukishafunga kazi huwezi tena kuutoa. Sasa mapambo mengi ya namna hiyo yanaweza kukaa juu ya sauti kama kitambaa juu ya meza. Ukikiondoa, meza iko vile vile. Kwa mtu anayerekodi wazee, jambo hili peke yake linatosha kumshawishi apandishe.

Kijana, hata hivyo, havutiwi na hilo. Anavutiwa na gridi ya mapigo iliyoletwa na toleo la 3.4 mwaka 2023, pamoja na uwezo wa kuvuta na kubana sauti ili ikae juu ya mapigo hayo. Alinisikilizisha wimbo mmoja wa harusi wa Kihangaza alioutengeneza hivyo. Makofi yalianguka sawasawa kama askari wa gwaride. Wanawake wale hupiga makofi wakisubiri mwimbishaji avute pumzi, na pumzi ile ilikuwa imebanwa mpaka haisikiki. Programu haimlazimishi mtu kutumia gridi, kwa hiyo siilaumu. Nalaumu masikio yanayodhani kwamba kila muziki una baa za nne nne. Chuo cha ualimu kilitufundisha nyimbo kwa do-re-mi, na mwalimu yeyote wa enzi zile aliyesikiliza vizuri alijua kwamba nyimbo nyingi za vijijini hazikai juu ya ngazi ile.

Inanga ndiyo kipimo kigumu. Ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi mpaka zikapatikana nyuzi kadhaa. Kwa mtindo unaojulikana sana Burundi, ambao mzee wetu aliufuata, mwimbaji hunong'ona, na nyuzi ndizo zinazoupa mnong'ono ule sauti. Sasa chukua kifaa cha kupunguza kelele. Hicho hupewa mfano wa kelele, kisha hupunguza kila kinachofanana nao. Mnong'ono unafanana mno na mvumo wa kipaza sauti! Ukisafisha sana, mzee anaondoka pamoja na mvumo, zinabaki nyuzi. Na hapa toleo jipya halina msaada: kifaa hicho bado hukata ndani ya sauti yenyewe, si kitambaa.

Kuhusu kuhifadhi kazi kwenye wingu, kulikoletwa na toleo la 3.5 mwaka 2024, sina mengi. Bando la intaneti litamjibu.

Nilimwambia apandishe, lakini kwanza aifungue kila kazi ya mzee katika toleo la zamani na kuitoa kama WAV, bila pambo lolote. Kwa kiwango cha CD, dakika moja ya stirio huchukua takriban megabaiti 10, yaani saa nzima ni zaidi ya 600. Flashi mbili zinatosha, moja ikae nyumba nyingine. Wakati wa kutoa faili, programu huuliza jina la msanii, albamu na aina ya muziki. Haiulizi wimbo uliimbwa wapi wala kwa shughuli gani, ila inaruhusu kuongeza mistari. Tumeongeza mitatu: kijiji, lugha, na shughuli.