Gia, Kasi na Uwiano: Tahakiki ya Istilahi za Baiskeli ya Feleji

Baiskeli ni mashine ambayo mwananchi wa kawaida huweza kuifungua, kuitengeneza na kuifunga tena bila kusoma kitabu. Kwa sababu hiyo sehemu zake nyingi zimekwisha kupata majina yaliyokomaa vinywani mwa mafundi: friwili, gololi, spoku, rimu, pedali, uma, cheni. Majina ya vipande, basi, hayatupi taabu kubwa. Taabu iko katika majina ya mambo yasiyoshikika kwa mkono, yaani uwiano, kasi, na uhusiano uliopo baina ya fremu na meno yanayoweza kufungwa juu yake. Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapoacha lugha ya karakana na kukimbilia tafsiri sisisi.

Madhumuni ya makala hii ni kuzipima istilahi chache zinazotumika kuelezea baiskeli ya feleji isiyobadilishwa mwendo, kuonyesha zinapopotosha, na kupendekeza njia ya kuzirekebisha. Tumeichagua baiskeli hii kwa makusudi. Ndiyo mashine nyepesi kuliko zote kuielezea, na istilahi zikishindwa hapa, hatuna budi kuwa na shaka nazo zitakapofika kwenye mitambo mikubwa zaidi.

1. Neno moja, mambo matatu

Neno "gia" limo katika Kiswahili kwa muda mrefu, wala hatukusudii kulifukuza. Lakini katika maandishi linabebeshwa maana tatu. Kwanza, ni gurudumu lenye meno, kitu cha chuma kinachoonekana. Pili, ni uwiano baina ya gurudumu moja la meno na jingine, yaani namba. Tatu, ni kifaa kizima cha kubadilishia uwiano huo, kama dereva anaposema kwamba gari lake limeharibika gia.

Katika mazungumzo hakuna hasara, kwa maana muktadha huamua. Katika maandishi ya kitaaluma hasara ipo. Baiskeli ya kawaida huitwa "baiskeli isiyo na gia", kwa maana ya tatu. Mwalimu wa fizikia naye hufundisha kwamba gia ni magurudumu ya meno yanayohamisha mwendo, kwa maana ya kwanza. Mwanafunzi akitoka darasani anaikuta baiskeli ya baba yake ina magurudumu mawili ya meno, moja mbele penye pedali na jingine nyuma penye kitovu, na bado anaambiwa haina gia. Ama mwalimu amekosea, ama baiskeli imekosea. Kwa hakika aliyekosea ni mwanaistilahi.

2. "Kasi moja" si kasi moja

Wengine, kwa kuikwepa "gia", wamelitafsiri neno kwa neno jina la Kiingereza na kupata "baiskeli ya kasi moja". Tafsiri hii ni mbaya zaidi, kwa sababu inasema jambo lisilo kweli. Tuchukue baiskeli yenye magurudumu ya inchi 28, meno 46 mbele na meno 18 nyuma. Kila pedali inapokamilisha mzunguko mmoja, baiskeli huenda mita 5.7 hivi. Mwendeshaji akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, atakwenda kilomita 20 na ushei kwa saa. Akizungusha mara 90, atakaribia kilomita 31. Kasi ni mbili, na zinaweza kuwa mia. Kilichobaki kimoja ni uwiano wa 46 kwa 18.

Huu ni mfano wa istilahi inayokwenda kinyume na hesabu. Kiingereza kimezoea kosa lake na wasemaji wake hawalisikii tena. Sisi hatuna sababu ya kulirithi. Jina linalofaa ni "baiskeli ya uwiano mmoja". Ile yenye kifaa cha kubadilishia itakuwa "baiskeli ya uwiano tatu", "ya uwiano saba", na kadhalika. Neno "uwiano" tayari limo katika vitabu vya hisabati, na mwanafunzi anapolikuta kwenye baiskeli atalitambua kama mtu anayemjua.

3. Inchi zisizopimika

Ipo istilahi nyingine inayowasumbua watafsiri wa vitabu vya maelekezo. Waingereza na Wamarekani huutaja uwiano wa baiskeli kwa inchi. Mtafsiri akiandika "gia ya inchi 72", msomaji atachukua rula na kutafuta kitu cha inchi 72, asikione.

Maana yake hujulikana tukirejea historia. Katika baiskeli za gurudumu kubwa za miaka ya 1870, pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, bila mnyororo. Gurudumu lilipokuwa kubwa, baiskeli ilikwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Hivyo kipenyo cha gurudumu ndicho kilichokuwa kipimo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na magurudumu yakapungua ukubwa. Kipimo cha zamani hakikuachwa. Inchi 72 maana yake ni kwamba baiskeli hii ndogo yaenda sawa na ile ya kale yenye gurudumu la kipenyo cha inchi 72. Hesabu yake ni kipenyo cha gurudumu mara meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma: 28 mara 46, gawanya kwa 18, jibu ni 71.6.

Wafaransa hupima kwa namna iliyo wazi zaidi: hutaja mita ambazo baiskeli huenda kwa mzunguko mmoja wa pedali. Tunapendekeza tuifuate njia hiyo, na kipimo chenyewe tukiite "hatua". Neno hili ni letu, nalo kwa asili hupima umbali wa mguu mmoja hadi mwingine. Baiskeli ya meno 46 kwa 18 ina hatua ya mita 5.7. Ikifungwa meno 44 kwa 22, hatua inakuwa mita 4.5 hivi. Mtu yeyote aliyepanda mlima anajua kwamba hatua fupi humpunguzia mzigo. Hapa nguvu inayotakiwa kwenye pedali, katika mwinuko ule ule, hupungua kwa asilimia 22 hivi. Istilahi nzuri humfundisha msomaji kabla hajafika kwenye hesabu.

4. Fremu tatu na mianya yake

Mara nyingi fremu na meno huelezwa katika sura mbalimbali, kana kwamba havihusiani. Kumbe fremu ndiyo inayoamua ni uwiano gani na ni kitovu gani kinaweza kufungwa. Tulinganishe fremu tatu za feleji.

Ya kwanza ni fremu ya kazi, ile ndefu iliyolala, inayobeba magunia, kreti za soda na abiria. Kenya watu wameipa jina la Black Mamba. Ekseli yake ya nyuma hukaa katika mwanya uliolala, hata fundi aweze kuisogeza mbele au nyuma ili mnyororo ukaze. Mwanya huo ni siri ya unyumbufu wake. Pingili ya mnyororo ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kila jino moja linaloongezwa husogeza ekseli kiasi cha milimita 3. Kutoka meno 46 kwa 18 hadi 44 kwa 22, jumla ya meno huongezeka kwa mawili, na ekseli husogea mbele milimita 6 tu. Hivyo mara nyingi fundi hubadilisha uwiano bila kugusa urefu wa mnyororo. Fremu hiyo hiyo hupokea pia kitovu chenye uwiano tatu ndani yake. Kile cha Sturmey-Archer cha aina ya AW, kilichoanza mwaka 1936, hupunguza hatua kwa robo au kuiongeza kwa theluthi: mita 5.7 zikawa 4.3 au 7.6.

Ya pili ni fremu ya uwanja wa mashindano. Mwanya wake pia umelala, lakini mdomo wake unatazama nyuma. Uma wake umesimama zaidi, na baiskeli hushindanishwa bila breki, kwa sababu meno ya nyuma yamekazwa na kitovu.

Ya tatu ni fremu iliyotengenezwa kwa uwiano mwingi, kisha ikageuzwa kuwa ya uwiano mmoja. Nyingi kati ya fremu za siku hizi zina mwanya uliosimama, na ekseli haisogei hata kidogo. Mnyororo ukilegea hutakiwa kikaza mnyororo chenye springi. Lakini kikaza hicho hakifai kwa meno yaliyokazwa wala kwa kitovu chenye breki ya kurudisha pedali nyuma, kwa maana mguu ukivuta kinyume springi hushindwa na mnyororo huchomoka.

Kwa hiyo "mwanya mlalo" na "mwanya wima" si mapambo ya maelezo. Ndiyo istilahi mbili ambazo bila hizo mnunuzi hawezi kujua amenunua nini. Maneno "mlalo" na "wima" yamo katika jiometri ya shule. Hatuna haja ya kuunda mapya.

5. Friwili na meno funge

Hapa ndipo istilahi mbovu inaweza kumuumiza mtu. Katika baiskeli yenye friwili, mwendeshaji anaposhuka mteremko huacha pedali zitulie. Katika baiskeli ambayo meno yake yamekazwa na kitovu, pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka; anayejaribu kuzisimamisha ghafla hurushwa. Tofauti hii haionekani kwa macho ya haraka. Vipo hata vitovu vyenye friwili upande mmoja na meno yaliyokazwa upande wa pili, na mtu hugeuza gurudumu apate anachotaka.

Sasa tumfikirie ofisa ugavi anayeandika maelezo ya ununuzi wa baiskeli za watumishi wa afya wa vijijini. Akiandika "baiskeli ya feleji, isiyo na gia", aina zote mbili zitakuwa zimetimiza sharti lake. Muuzaji hatakuwa amevunja mkataba, na muuguzi atakuwa kwenye mteremko.

Wapo waliopendekeza "gurudumu huru" kwa friwili. Hatukubaliani nao. Kinachokuwa huru ni meno, si gurudumu. Na jina hilo laweza kueleweka kama gurudumu lililochomoka. Zaidi ya hayo, friwili limekwisha kuenea na kufuata sauti za Kiswahili. Utaratibu wetu wa kutafuta kwanza katika Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Afrika, ndipo tutohoe, ulikusudiwa kujaza pengo. Haukukusudiwa kuvunja nyumba inayokaliwa.

Kwa upande wa pili pengo lipo kweli. Wanaisimu wetu wametupa "mofimu huru" na "mofimu funge", na walimu wamezizoea. Tunapendekeza "meno funge": meno yasiyoweza kuzunguka peke yake, kama vile mofimu funge isivyoweza kusimama peke yake.

6. Feleji na pua

Mwisho, neno la madini yenyewe. "Chuma cha pua" ni jina la zamani na sahihi la chuma kilichotiwa kaboni kidogo kikawa kigumu. Lakini siku hizi limeanza kutumika pia kwa chuma kisichoshika kutu cha sufuria na masinki. Hivi ni vitu viwili. Kile cha sufuria huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Fremu nzuri ya baiskeli hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye kromiamu asilimia 1 hivi na molibdenamu kidogo. Ina nguvu, lakini ikikwanguka rangi katika hewa ya chumvi ya pwani itashika kutu kama jembe.

Tunashauri "feleji" iwe jina la jumla, na ile nyingine iitwe "feleji isiyoshika kutu", kwa urefu wake wote. Vilevile tutenganishe "nguvu" na "ukakamavu". Feleji za aina mbalimbali hutofautiana sana kwa nguvu, yaani mzigo unaozivunja au kuzipinda moja kwa moja. Kwa ukakamavu, yaani namna zinavyokataa kunepa, zinakaribiana mno. Ndiyo maana feleji bora hufanya fremu nyepesi: bomba hupunguzwa unene bila kuvunjika. Msomaji asiyepewa maneno mawili ataamini kwamba fremu ghali hainepi, jambo ambalo si lazima liwe kweli.

7. Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza "uwiano mmoja" badala ya "kasi moja" na "bila gia". "Hatua" kwa umbali wa mzunguko mmoja wa pedali. "Mwanya mlalo" na "mwanya wima". "Friwili" ibaki, na "meno funge" iwe mwenzake. "Feleji" kwa madini. "Gia" ibaki mitaani na kwenye magari, mahali inapoeleweka.

Mapendekezo haya hayatakuwa na thamani mpaka yapimwe na watu wawili: mwalimu anayesahihisha madaftari na fundi aliye chini ya mwembe na spana mkononi. Istilahi ambayo mmoja wao anaielewa na mwingine anaicheka bado haijaiva. Walimu, watafsiri na maofisa watakaozijaribu katika kazi zao watuletee zile zilizokataa kukaa, pamoja na sentensi zilizozikataa.